Fomu ya Word inayojazwa kwa kibodi bila kuvurugika

Fomu nyingi zinazozunguka huku Tabora kwenye flashi na WhatsApp ni fomu za karatasi zilizochapwa kwenye Word, basi. Jina: nukta arobaini. Kijiji: nukta thelathini. Zikiprintiwa na kujazwa kwa kalamu hazina neno. Balaa linaanza mtu anapotaka kuzijaza kwa kibodi. Kila herufi anayoandika inazisukuma nukta mbele, za mwisho zinaangukia mstari wa chini, na kabla hajafika kwenye sahihi ya mtendaji wa kijiji, fomu ya ukurasa mmoja imekuwa ya kurasa mbili. "Dada, hii fomu mbona imekimbilia ukurasa wa pili?" Swali hilo kila mwenye steshenari analijua.

Word ina zana zake za kutengeneza fomu ya kujazwa, na zimo humo miaka mingi, ila zimefichwa kiasi kwamba anayetumia Word kila siku anaweza asizione. Nitatumia mfano mmoja: fomu ya mkulima ya kuomba pembejeo kwenye AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya tumbaku, iwe ya Urambo, Kaliua au Sikonge. Ina jina, namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), simu, kijiji, ekari, idadi ya mifuko ya mbolea, bei na jumla. Chini kuna sahihi, dole gumba na muhuri. Ukiiweza hiyo, fomu ya kujiunga na shule au ya mkopo wa kikundi haitakusumbua. Maelekezo ni ya Word ya kompyuta ya Windows, toleo la 2010 kuja mpaka la sasa. Majina ya vitufe nayaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini.

Jedwali kwanza

Kabla ya kugusa kisanduku chochote cha kujazia, kagua karatasi. Nenda "Layout" (kwenye Word 2010 na 2013 imeandikwa "Page Layout"), kisha "Size", chagua A4. Word iliyowekwa kwa mipangilio ya Kimarekani huanza na Letter, ambayo ni pana kidogo na fupi kuliko A4, kwa hiyo mpangilio wako hautakaa sawasawa ukifika kwenye printa. Pambizo weka sm 2 kushoto na kulia. Unabakiwa na sm 17 za kuandikia.

Chora jedwali la kolamu mbili: sm 5 za maswali, sm 12 za majibu. Bofya kulia, "Table Properties", halafu "Options", uondoe tiki kwenye "Automatically resize to fit contents". Ukiiacha, mtu akiandika kitu kirefu kisicho na nafasi, kama anwani ya barua pepe, kolamu ya majibu itajitanua na kuibana ya maswali. Kwenye "Row" weka urefu wa sm 0.8 na uchague "At least". Wengi huchagua "Exactly" kwa kuwa inaonekana nadhifu, lakini jibu likizidi mstari mmoja, kilichozidi kinakatwa: kimo ndani ya faili, ila hakionekani kwenye skrini wala kwenye karatasi. Mimi "Exactly" naitumia sehemu moja tu, kwenye nafasi ya picha ya paspoti, sm 3.5 kwa 4.5, kwa sababu picha hiyo inabandikwa kwa gundi na nafasi yake haitakiwi kucheza.

Kisha futa mistari ya jedwali isiyotakiwa, ubakize mstari wa chini tu kwenye kila chumba cha jibu. Mkulima ataona fomu ya mistari aliyoizoea, na mistari hiyo haitasogea hata aandike insha.

Tabo ya Developer

Fungua "File", "Options", "Customize Ribbon". Upande wa kulia kuna orodha ya tabo. Weka tiki kwenye "Developer", bofya OK. Juu itatokea tabo mpya, na ndani yake kuna kundi la "Controls". Ukikuta vitufe vyake vimefifia na havibofyeki, tazama jina la faili juu ya dirisha. Ikiwa pameandikwa "Compatibility Mode", faili lako ni la .doc la enzi za Word 97 hadi 2003, na visanduku vipya havifanyi kazi humo. "File", "Info", "Convert", na tatizo limekwisha.

Alama mbili za kwanza kwenye kundi hilo zimeandikwa "Aa", zimefanana kama pacha. Weka mausi juu yake usome jina. Ya kwanza ni "Rich Text", ya pili ni "Plain Text". Kwa fomu karibu kila mara chukua "Plain Text". "Rich Text" inaruhusu mtu kupesti maandishi na kuja nayo fonti yake, rangi yake, hata jedwali zima kutoka faili jingine. "Plain Text" inapokea maneno matupu na kuyavalisha sura ya fomu yako.

Weka kasa (kijistari kinachopepesa unapoandika) kwenye chumba cha jibu la jina, bofya "Plain Text". Kinatokea kisanduku chenye maneno "Click or tap here to enter text". Sasa bofya "Properties". "Title" andika Jina la mkulima; hilo litaonekana juu ya kisanduku mtu anapokibofya. Weka tiki kwenye "Content control cannot be deleted", la sivyo anayefuta jibu lake kwa haraka atafuta na kisanduku chenyewe. Usiweke tiki kwenye "Contents cannot be edited", maana hapo hakuna atakayeweza kuandika chochote. Zimekaa jirani, na kuzichanganya ni rahisi. Kwa swali la maelezo marefu ongeza tiki kwenye "Allow carriage returns", ili Enter iweze kuanzisha mstari mpya.

Maneno ya Kiingereza yaliyomo ndani ya kisanduku yanastahili dakika tano zako. Kwanza, ukiyaacha, kisanduku kisichojazwa kinaprintiwa nayo. Fomu inafika ofisini imejaa "Click or tap here" kila mahali. Pili, njia ya kuyabadilisha ni moja: bofya "Design Mode" kwanza, andika maneno yako, kisha bofya "Design Mode" tena kutoka. Ukiandika bila kuingia humo, Word inayahesabu kuwa ni jibu, na kila anayejaza atalazimika kuyafuta kwa mkono kabla ya kuandika lake. Kwa fomu zinazoprintiwa, na za huku karibu zote zinaprintiwa kwa ajili ya sahihi na muhuri, napendelea kuweka nafasi tupu kama kumi badala ya maneno. Maelekezo yakae kwenye kolamu ya maswali, yanakosomeka hata baada ya kujaza.

Orodha, tarehe na tiki

Kijiji, halmashauri na msimu ni maswali ya kuchagua. Tumia "Drop-Down List". Kwenye "Properties" bofya "Add" na uandike kila jibu mara moja. Fomu ikizunguka mkoa mzima, halmashauri ni nane: Manispaa ya Tabora, Uyui, Nzega Mji, Nzega, Igunga, Sikonge, Urambo na Kaliua. Ukiacha watu waandike wenyewe, utapata "Tabora mjini", "Tabora M.C.", "TBR" na "Manispaa", na siku ya kuhesabu utazihesabu kama sehemu nne. Kisanduku cha jirani, "Combo Box", kinafanana na hicho ila kinamruhusu mtu kuandika jibu lisilomo kwenye orodha. Hicho kinafaa kwa vijiji, kwa kuwa unaweza kusahau kijiji kwenye orodha; halmashauri haina sababu hiyo.

Kisanduku cha tarehe, "Date Picker", kirekebishe mara tu unapokiweka. Kwenye "Properties" andika dd/MM/yyyy. M ziwe kubwa: mm ndogo kwa Word ni dakika, na tarehe itatoka na dakika pale ulipotaka mwezi. Kisha ujue mipaka yake. Kalenda hiyo ni nzuri kwa tarehe ya leo. Kwa tarehe ya kuzaliwa ya mzee wa 1958 ni mateso, atabofya mshale mpaka kidole kiume. Aichape tu kwa kibodi. Na kisanduku chenyewe hakikatai maneno: mtu akiandika "mwezi wa tano" kinapokea.

Tiki nazo zina lao. "Check Box" ya Word ikibofywa inatoa alama ya X ndani ya mraba. Kwa aliyesoma shule zetu, X ni kosa, na wapo watakaobofya mraba wa "Hapana" wakidhani wanaikataa Hapana. Nenda "Properties", mstari wa "Checked symbol", bofya "Change", chagua fonti ya Wingdings na kwenye "Character code" andika 252. Unapata alama ya vema. Kumbuka pia kwamba miraba hii haijuani: Me na Ke zote zinaweza kutikiwa na Word isiseme lolote. Swali lenye jibu moja tu lifanyie orodha.

Namba na hesabu

Hapa visanduku vipya vinapwaya. Havina pa kuweka kikomo cha herufi na havikokotoi. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, ikiandikwa na vistari vyake inakuwa herufi 23, na ungependa fomu ikatae ya 24. Kwa kazi hiyo rudi kwenye visanduku vya zamani: kwenye "Controls" bofya alama ya "Legacy Tools", na kwenye mstari wa juu chukua kile cha "ab". Kikishakaa mahali pake kibofye mara mbili. "Maximum length" andika 23. Kwa jina, "Text format" chagua "Uppercase", na hutahitaji tena kuandika "kwa herufi kubwa" mahali popote. Kwa simu ya kuanzia na 0, kikomo ni 10. Kikomo kinazuia kuzidi tu. Anayeandika tarakimu 19 atapita, kwa hiyo jicho la mpokeaji bado linahitajika. Msaada upo: tarakimu nane za mwanzo za NIDA ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kwa hiyo ukiuliza tarehe ya kuzaliwa sehemu nyingine ya fomu, unaweza kulinganisha papo hapo.

Hesabu ya jumla inataka visanduku vitatu vya aina hiyo. Cha kwanza, "Type" weka "Number", na kwenye "Bookmark" kipe jina Mifuko. Cha pili, "Number", jina Bei. Cha tatu, "Type" weka "Calculation", kwenye "Expression" andika =Mifuko*Bei, na "Number format" #,##0. Kisha, na hapa ndipo wengi wanapokwama, tiki ya "Calculate on exit" inawekwa kwenye Mifuko na kwenye Bei, yaani pale mtu anapotoka baada ya kuandika. Kuiweka kwenye Jumla peke yake hakusaidii kitu. Mtu akiandika 12 na 70000 akabonyeza Tab, Jumla inasoma 840,000. Neno "Sh" liandike nje ya kisanduku, na "/=" usiwaruhusu kuiandika ndani.

Badala ya jumla ukipata maneno "!Undefined Bookmark", jina kwenye hesabu halilingani na jina la kisanduku. Mara nyingi kisanduku kilikopiwa kutoka safu ya juu: ukikopi na kupesti kisanduku cha zamani, nakala inakuja bila jina lake. Fungua kila kimoja uandike jina jipya: Mifuko2, Bei2. Majina yasiwe na nafasi katikati.

Orodha ya kuchagua ya zamani ina mwisho wa majibu 25, haipokei zaidi. Halmashauri nane zinaenea, kata za Manispaa ya Tabora hazienei. Na usichanganye visanduku vipya na vya zamani kwenye fomu moja kama huna lazima. Tab huanza kuruka ovyo. Fomu ya pembejeo yenye hesabu ningeifanya yote kwa vya zamani na kukosa kalenda ya tarehe. Fomu isiyo na hesabu, yote kwa vipya. Na kama ina hesabu zaidi ya tatu au nne, hiyo ni kazi ya Excel, usiilazimishe Word.

Kufunga

Visanduku vya zamani havifanyi kazi mpaka fomu ifungwe. Vipya vinafanya kazi hata bila kufungwa, ila maswali yako yanabaki wazi kufutwa na yeyote. Bofya "Restrict Editing" kwenye Developer. Sehemu ya pili, weka tiki, kwenye orodha chagua "Filling in forms", kisha "Yes, Start Enforcing Protection". Word itaomba nenosiri. Unaweza kuacha tupu. Kuanzia hapo Tab inatembea kisanduku hadi kisanduku na maswali hayagusiki.

Nenosiri hilo si la siri. Linazuia mkono uliopotea, haliwezi kumzuia anayejua Word, na yaliyojazwa kila mtu anayasoma. Ukitaka faili lisifunguke kabisa bila nenosiri, hiyo ni "Encrypt with Password" kwenye "File", "Info", "Protect Document". Nenosiri la huko ukilisahau, faili limekwenda.

Ikiwa kuna sehemu inayohitaji uhuru, tuseme mchoro wa shamba au maelezo ya afisa ugani, izungushie "Continuous" kutoka "Layout", "Breaks", moja kabla na moja baada. Ukirudi kwenye "Restrict Editing" utaona "Select sections". Ondoa tiki kwenye sehemu hiyo, zilizobaki zitafungwa.

Tunza faili mama lisilofungwa mahali pake. Kufungua fomu iliyokwisha kujazwa, kurekebisha neno na kuifunga tena kunaweza kurudisha visanduku vya zamani kuwa vitupu, na majibu ya mtu yamepotea.

Ikishatoka mkononi

Kwa matumizi ya ofisini hifadhi kama "Word Template", yaani .dotx. Ukibofya mara mbili linafungua nakala mpya, na lile la asili halijazwi kwa bahati mbaya. Kwa kutuma kwa watu tuma .docx. Kwenye WhatsApp litume kama dokumenti. Wapo wanaopiga skrini picha na kutuma picha. Mpokeaji akilifungua kwenye kompyuta ataona ukanda wa njano juu, na visanduku havitakubali kitu mpaka abofye "Enable Editing". Andika hilo kwenye ujumbe wako, litakupunguzia simu nusu.

Kwenye simu janja usizitegemee fomu hizi. Word ya simu na programu nyingine za simu huzionyesha, lakini orodha hazifunguki sawasawa na hesabu zinalala. Kama wajazaji wako wengi wako kwenye simu, fomu iwe PDF ya kujazwa. Word ukiiambia ihifadhi kama PDF inaua visanduku vyote, inabaki picha ya fomu. Tumia LibreOffice, ni ya bure: fungua faili, "File", "Export As", "Export as PDF", na uhakikishe "Create PDF form" ina tiki. Kagua kila kisanduku baada ya hapo, hasa hesabu. Angalia pia majina ya visanduku: kwenye PDF, viwili vyenye jina moja vinajazana, jina la mkulima likaandikwa na kwenye jina la shahidi. Upande wa simu, Acrobat Reader inazijaza vizuri.

Majibu ukiyahamishia Excel, badili kolamu za NIDA na simu kuwa "Text" kabla ya kupesti. Excel inashika tarakimu 15 tu za namba. Tano za mwisho za NIDA isiyo na vistari zinageuka sifuri, na sifuri ya mwanzo ya simu inatoweka. Ukiona namba zote za NIDA zinaishia na 00000, zimeshaharibika, rudi kwenye fomu zenyewe. Kwa visanduku vya zamani kuna njia fupi: "File", "Options", "Advanced", tiki "Save form data as delimited text file". Ukihifadhi, Word inatoa faili dogo la .txt lenye majibu matupu yaliyotenganishwa kwa mkato, tayari kuingizwa kwenye Excel.

Fomu ya aina hii inabeba NIDA, simu na madeni ya watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023. Swali usilolihitaji liondoe. Ukijazia wateja steshenari, ukimaliza kuprinti futa faili kwenye "Downloads", lifute na kwenye "Recycle Bin", halafu kwenye Word fungua "File", "Open", bofya kulia juu ya jina lake na uchague "Remove from list". Na kwenye WhatsApp ya kompyuta, faili lililotumwa linabaki ndani ya mazungumzo mpaka ulifute huko pia.